Malkia Niliyemzika Mlimani

Nilistaafu mwezi uliopita, na kabla sijamaliza kupanga vitabu vyangu hapa nyumbani Kilibula, Uvira, ninyi vijana wa kazi mkaniletea senario. Kurasa thelathini na mbili zilizopigwa kwa mashine, mchezo wa video juu ya Mwami Lushombo, mfalme wa zamani wa mlimani, na mke wake Nabintu. Majina hayo si yao. Ninyi mnayajua ya kweli, wengine hawana haja nayo. Mliniomba niipitie kama mkubwa wenu, nisahihishe makosa ya historia. Nimeipitia. Kofia ya mwami mmeikosea. Ngoma mmezifanya nyingi mno. Hayo ni madogo. Kosa kubwa liko ukurasa wa ishirini na tisa, pale Nabintu, aliyefukuzwa na wenye wivu, anapopanda mlima akisikia mume wake anakata roho, anamlalia kifuani, anakufa naye, na wote wawili wanazikwa kaburi moja. Pembeni mmeandika: "Kama inavyojulikana na watu wote."

Watu wote wanaijua kwa sababu niliwaambia mimi. Niliitunga mezani kwangu, kwa kalamu ya wino, mwaka wa uhuru. Nabintu alizikwa Luvungi, bondeni, katika shamba lake mwenyewe, na mtu aliyenieleza hivyo alikuwa binti yake wa kumzaa. Sasa naandika namna nilivyofanya, ili msiseme mzee alikaa kimya.

Sitataja vyeo wala mishahara. Vyeo nilivipata, vingi, na kila kimoja nilikistahili.

Mimi ni mtoto wa mshona viatu. Baba hakujua kusoma. Kifaransa nilijifundisha kwa magazeti ya Wazungu yaliyofungiwa chumvi dukani, nikiyanyoosha kwa mkono na kuyasoma mpaka yachanike. Nilifanya mtihani, nikawashinda watoto wa makarani, nikapelekwa Ulaya miezi kumi na minane, nikarudi na diploma ya sinema. Katika pwani yote hii ya ziwa, kutoka Uvira mpaka Baraka, hakuna mtu mwingine aliyekuwa na karatasi ya namna ile. Wakati ule nilisema hivyo kila siku, na naona hata leo nimeshindwa kuandika ukurasa mmoja bila kusema.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti. Joto la ziwa mnalijua. Kazi yetu ilikuwa sinema ya kutembea: kamyoneti moja ya kubebea mizigo, projektere moja ya kuonyeshea filamu, mota ya umeme iliyopiga kelele kuliko filamu, na shuka kubwa nyeupe ya kutundika kati ya miti miwili ya mbao. Aliyekuwa anaendesha mashine aliitwa Sefu, mtu mzima, Mwislamu wa hapa mjini, ambaye shule yake yote ilikuwa vidole vyake. Nilimwambia akae pembeni, nitapitisha filamu mwenyewe. Nikaipitisha vizuri kabisa, kila tundu katika jino lake. Nikawasha. Mota inanguruma, bobini ya filamu inazunguka, na shuka ni nyeusi. Watu wakaanza kupiga miluzi. Nikafungua mashine, nikaangalia balbu, nikafunga, nikafungua tena. Sefu alikuwa anakula karanga.

"Diplome," akaniita, na jina hilo likanishika hivyo mpaka leo, "kule Ulaya hawakukuonyesha kifuniko cha lensi?"

Akanyoosha kidole kimoja, akaondoa kifuniko.

Huyo ndiye mwalimu wangu wa kweli. Alinifundisha kusikia filamu inayotaka kukatika kabla haijakatika, kukwangua ukingo wake kwa wembe bila kuula, kupaka gundi kidogo sana na kuhesabu mpaka ishirini kabla ya kuachia. Vijana wa kaseti hamna haja ya gundi tena, lakini kuhesabu mpaka ishirini kabla ya kuachia kitu bado kunafaa.

Filamu zilizotoka Ulaya zilisema Kifaransa. Tulizima sauti zake, nami nikashika mikro ya kipaza sauti na kusema Kiswahili mwanzo hadi mwisho, nikiwa mfalme, malkia, askari, na farasi ikibidi. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mfalme mmoja wa Kizungu na mke wake. Tuliionyesha Luvungi mara nne. Mara ya kwanza mfalme alipopiga magoti mbele ya mwanamke, uwanja mzima ulisimama.

"Diplome! Huyu mwami iko anatafuta nini chini?"

"Anamwomba amwoe," nikasema kwenye mikro.

"Anamuomba yeye mwenyewe? Wakwe bako wapi?"

"Na ngombe? Onyesha ngombe!"

Walicheka mpaka Sefu akaogopa mashine itaangushwa. Lakini mwezi mmoja baadaye nilipita sokoni pale pale Luvungi, nikakuta wanawake wawili wakibishana juu ya yule malkia kama mtu wa jirani. Mmoja alisema alikufa kwa uzazi. Mwenzake akasema hapana, alikufa kwa huzuni, "miye nilimuona." Hakusema alimwona kwenye sinema. Alisema alimwona. Nilipaswa kuogopa siku ile. Nilifurahi, nikamwambia Sefu kwamba sasa ninajua nguvu ya kazi yangu.

Uhuru ukakaribia, na kila mtu akataka vitu vyetu: bendera yetu, waziri wetu, wafalme wetu. Padri Remi, Mzungu mpole wa misheni jirani, alikuwa na kamera ndogo ya milimita kumi na sita, akakubali kuniazima pamoja na bobini alizokuwa amebakiwa nazo. Nikaamua kufanya filamu ya kwanza ya mwami wetu na mke wake, iliyofanywa na mtu wa hapa. Hadithi ya Lushombo na Nabintu ilikuwa inasikika kidogo kidogo pande za Lemera, mlimani: kwamba alimwoa msichana, kwamba msichana hakukaa kwake. Zaidi ya hapo kila mtu alisema lake. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilipanda kwa miguu, nikauliza wazee, nikateremka, mwisho nikaambiwa kwamba binti wa Nabintu bado yu hai Luvungi. Aliitwa Mama Namulisa.

Nilikaa kwake siku tatu na daftari. Kazi ya uchunguzi nzuri kuliko ile sikuifanya tena mpaka nastaafu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kusema polepole, na kila aliponiona nimeacha kuandika alinyamaza mpaka kalamu irudi.

Mama yake alichukuliwa kupelekwa mlimani akiwa msichana mdogo, kwa makubaliano ya wazee. Alizaa watoto wawili wa kike, mmoja akafa. Washauri wa mwami wakasema nyumba isiyo na mvulana ni nyumba tupu. Akateremshwa pamoja na mbuzi mmoja, kapu, na Namulisa mgongoni. Lakini kabla ya kuondoka, mwami alimpa shamba kando ya kijito, pale Luvungi, akasema mbele ya wazee kwamba ni lake na la watakaotoka tumboni mwake. Akalilima miaka mingi. Alipokufa ilikuwa wakati wa mvua. Namulisa alituma mtu mlimani kutoa habari. Hakuja hata mmoja. Wakamzika watu watatu tu, Namulisa mwenyewe, mume wake, na jirani mmoja Mrundi, na maji yakaingia kaburini, wakawa wanayachota kwa chungu ili mama asilale majini. Mtu wa nne hakuwapo, wala wa kulia kwa sauti hakuwapo, kwa sababu walikuwa wanachota maji. Baadaye wakapanda mti wa muvumu kichwani pake. Alinipeleka nikauona. Niliupima unene kwa mkono na kuandika.

Siku ya tatu nikauliza swali nililokuja nalo tangu Ulaya.

"Mama, Nabintu alimpenda mwami?"

Akafikiri.

"Kumupenda? Ile sijui. Alisemaka tu eti mwami alikuwa anakoroma sana."

Nilicheka, naye akacheka, na hilo sikuliandika.

Nilirudi Uvira nikamsomea Padri Remi kurasa zangu. Akasema, "Umempata binti mwenyewe! Basi filamu ndiyo hiyo. Mwanamke na shamba lake." Nikamwambia kwamba hakuna mtu atakayesimama uwanjani kumtazama mwanamke analima. Walimu wangu walifundisha kwamba mfalme na malkia bila mapenzi ni nguo tu. Zaidi ya hayo, na hili nililisema kwa sauti kubwa, Wazungu wana wafalme wanaokufa kwa mapenzi, kwa nini wa kwetu awe mtu wa kukoroma? Ilikuwa miezi ambayo Wazungu walianza kupima maneno. Padri akasema, "Ni historia yenu. Ninyi ndio mnaojua." Nikaona nimeshinda.

Nikaandika mara ya kwanza, nikambakiza Luvungi, nikajaribu kumpamba palepale bondeni. Haikupanda. Nikaandika mara ya pili, nikampandisha mlimani, nikamuulia kifuani pa mwami.

Tulipiga picha za filamu juu ya Luvungi, kwenye kilima cha njia ya Lemera, ambapo vijana walitujengea nyumba za majani za mwami. Waigizaji walilipwa kwa chumvi na vitambaa. Kwa maziko nilihitaji wanaume wa kubeba kitanda cha maiti, na wa mbele alikuwa Birali, mkulima mnene mwenye mabega mazuri kwa kamera. Maiti yenyewe ilikuwa gunia la majani ya ndizi; nililijaza mimi kwa mikono yangu na kulifunika kitambaa cheupe. Wanawake niliowaweka waomboleze walishindwa. Kila kamera ilipoanza kulia kama nyuki, mmoja alicheka, na wote wakamfuata.

Ndipo Mama Namulisa akafika. Alikuwa amesikia kwamba Diplome anafanya kazi ya mama yake, akapanda kuona. Akatazama kile kitanda na kitambaa cheupe.

"Nani amekufa?"

"Ni Nabintu, Mama," nikamwambia. "Tunamfanyia maziko."

Akaondoa kitambaa kichwani.

"Basi miye nitalia. Siku ile sikupata nafasi."

Akaketi chini, akaanza. Sijasikia tena kilio kama kile, wala hapa wala ng'ambo ya ziwa. Wale wanawake waliokuwa wanacheka walinyamaza, mmoja akaja kumshika bega. Sefu akavua kofia. Sasa sikieni habari ya chombo. Kamera ile ilitembea kwa springi. Ukiipa ufunguo mpaka mwisho, inakwenda nusu dakika, inasimama, unazungusha tena. Nusu dakika ikaisha. Na mimi, mwenye diploma, nikainua mkono.

"Ngoja, Mama! Usilie kwanza. Nizungushe ufunguo."

Akangoja. Alifunga mdomo, akanitazama, kifua kinapanda na kushuka, mpaka nikamaliza. Nikasema, "Sasa." Akaendelea kumlilia mama yake. Nilimsimamisha mara nne. Jioni nilimwambia Sefu kwamba tumepata dakika mbili na nusu za dhahabu. Sefu alikuwa anafunga miguu ya kamera.

Filamu ilitoka katika miezi ya uhuru, na siwezi kuwaeleza sifa nilizopata, ingawa ningependa. Uvira waliionyesha uwanja wa mpira siku tatu mfululizo. Haikuwa na sauti. Nilisema mimi, kwenye mikro, na mwisho sauti yangu ilipokuwa inashuka pole pole juu ya kaburi lile moja, wanaume wazima walijifuta macho. Wenye kusema Kirundi wa bondeni, wafugaji kutoka juu, watu wa mjini, wote walilia pamoja, na katika mwaka ule hawakufanya mambo mengi pamoja.

Luvungi tulifika mwisho. Mama Namulisa alikaa mbele. Watu walipotawanyika alikuja tulipokuwa tunakunja shuka.

"Mwanangu, miye nililia mama yangu."

"Ndiyo, Mama. Na watu wote wameona."

"Lakini umemuzika ku mulima. Mbona umemuzika ku mulima? Nilikuonyesha pahali iko."

Nikamweleza kwamba sinema ni sanaa, kwamba mapenzi ni lugha ya watu wote, na mengine ambayo leo siwezi kuyaandika bila kuona haya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi sema tu neno moja," akasema. "Weye iko na ile chuma ya kusemea. Kabla haijaanza, useme: Nabintu wa kweli alizikwa Luvungi, binti yake angali hai. Halafu onyesha vyenye unapenda."

Nikaahidi. Ilikuwa sentensi moja. Nilikuwa na mikro mkononi kila jioni, mwaka huo na miaka iliyofuata, katika vijiji sijui vingapi. Sikuisema hata mara moja. Kila mara niliona itapoza moyo wa watu kabla ya kuanza, nikasema kesho. Sefu aliniuliza mara mbili, "Ile neno ya mama utaisema lini?" Mara ya tatu hakuuliza.

Miaka michache baada ya uhuru, mashamba ya bondeni yalianza kutafutwa. Mtu mmoja wa ukoo wa mwami, Musafiri, alimshtaki Mama Namulisa katika baraza la kienyeji. Alisema shamba la kando ya kijito ni la ukoo, lilikaliwa na mwanamke asiyejulikana, na kwamba Nabintu hakuwa na mtoto bondeni wala kaburi bondeni, kwa kuwa alikufa mlimani pamoja na mume wake. Mashahidi wake walikuja mmoja mmoja. Tuliona, walisema. Tuliona akifa. Mmoja akamnyoshea kidole Mama Namulisa: "Na yeye alikuwepo! Alilia kwenye kaburi ya mulima, bantu bote balimuona. Kama mama yake iko amezikwa hapa, alikuwa analilia nani kule?"

Birali naye alisimama. Alisema alibeba. Hakimu akamuuliza alibeba lini. "Siku ya maziko," akasema.

Halafu wakaniita mimi. Baraza lilijaa mpaka madirishani, na watu wakaanza "Diplome! Diplome!" Pembeni ya hakimu alikaa mgeni kutoka Bukavu, mkubwa wa mambo ya habari, aliyekuwa amekuja kuitafuta filamu yangu aizungushe mkoa mzima kama historia yetu ya kweli. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemtilia saini kwamba imetokana na uchunguzi.

Hakimu aliuliza kwa heshima sana. "Bwana, wewe ni mtu wa masomo. Filamu ile mliifanya kwa kubahatisha?"

"Hapana," nikasema. "Kazi yetu haifanywi kwa kubahatisha."

"Nabintu alizikwa wapi?"

Mkoba wangu ulikuwa kati ya miguu yangu. Daftari lilikuwamo. Nililibeba kila mahali siku zile, ili watu waone namna mtu wa diploma anavyofanya kazi.

Mama Namulisa akasema kutoka alipoketi, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwingine kitu alichosahau nyumbani: "Mwanangu, uliandika. Soma tu ile karatasi."

Nilimtazama mgeni wa Bukavu. Nikajibu: "Kama ilivyoonyeshwa."

Maneno mawili. Hakimu aliandika. Shamba likaenda kwa Musafiri, pamoja na muvumu na aliye chini yake. Nilipotoka nje watu walinipa mikono. Sefu alikuwa ndani ya kamyoneti, ameshawasha mota. Tulirudi Uvira, na kesho yake akaomba kwenda kufanya kazi ya meli. Nilimwambia mtu asiye na shule hawezi kuelewa mambo ya baraza.

Kisha uasi ukafika Uvira. Hayo mmesimuliwa na wazazi wenu, sitayarudia. Waasi walivunja mlango wa ghala letu, wakaikuta filamu ya mwami, wakasema ni mambo ya machifu na Wazungu, wakaichoma uani. Filamu haiwaki kwa moto mkubwa kama watu wanavyodhani. Ile yetu ilijikunja na kunuka. Nilitazama kutoka uzio wa jirani, na nitawaambia kitu ambacho hata mke wangu sikumwambia: nilipumua. Nilidhani kosa langu linaungua. Siku ya tatu nikavuka ziwa na watoto wangu na nguo za mwilini. Nyumba ilipekuliwa. Daftari sijui lilifungia karanga za nani.

Ng'ambo nilikaa karibu miaka miwili, nikilala vibaya. Niliporudi nilikuwa nimekata shauri. Nilikwenda Luvungi moja kwa moja. Baraza lilikuwa na hakimu mpya, kijana. Nikasimama mbele ya watu, nikasema nilidanganya: Nabintu alizikwa hapa, shamba ni la binti yake, mlimani hapakuwa na maiti.

Birali alikuwepo. Aliruka.

"Diplome, weye ulikuwa ku Ulaya! Ni miye nilibeba. Na hii bega!" Akajipiga begani.

"Birali, ulibeba gunia la majani ya ndizi. Nililijaza mwenyewe mbele yako."

"Majani? Miye niko mukulima. Sijui uzito ya majani? Miye najua uzito ya muntu."

Watu wakacheka, si kwa kumcheka yeye. Nikamtazama vizuri machoni, na wallahi hakuwa anadanganya. Alikuwa anakumbuka.

Hakimu akaniambia nilete filamu. Nikasema imechomwa. Akasema nilete maandishi. Nikasema yamepotea. Akaweka kalamu chini. "Basi niandike nini, Bwana? Kwamba mwenye diploma anasema alidanganya, na zamani mwenye diploma huyo huyo alisema hakudanganya? Nimwamini yupi?"

Kwa hiyo ninyi, ukurasa wa ishirini na tisa ufuteni. Mkitaka wapendane, wapendane, hilo sitaligombania. Hakuna aliyekuwa ndani ya nyumba yao. Lakini mwanamke huyu alikuwa na shamba, alikuwa na mtoto, na alizikwa mahali. Kabla ya picha ya kwanza andikeni hivyo kwa herufi kubwa, na mwenye sauti nzuri asome kwa ajili ya wasiojua kusoma. Msiseme kesho.

Siku ile nilitoka barazani nikaenda kwa Mama Namulisa. Alikuwa anaishi kwa mkwe wake, nyuma ya soko. Alikuwa amezeeka. Alikuwa mkekani, anachambua maharage, na hakunyanyuka.

"Mama, nimekwenda kusema ukweli. Hawakuukubali."

"Nimesikia. Birali alipita hapa anacheka."

Nikataka kupiga magoti. Akanionyesha kigoda. Alichambua kitambo.

"Ile siku tatu nilikuelezaka," akasema, "bado unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mama. Yote."

"Basi nieleze."

Nikadhani ananipima. "Nikueleze nini?"

"Vile nilimuzika mama yangu. Nikifunga macho naona mulima. Naona kile kitambaa cheupe, na Birali iko mbele. Najiona nimekaa, nalia. Ile mvua siioni tena. Naitafuta, inakataa."

Nikamweleza. Nilimwambia mvua ilianza asubuhi. Nilimwambia walikuwa watatu, nikawataja: wewe, mume wako, na jirani Mrundi. Nilimwambia habari ya mtu aliyetumwa mlimani, na ya maji yaliyoingia, na chungu, na namna mume wake alivyoshuka mwenyewe kaburini kuyachota. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, mkono umesimama juu ya maharage. Nilimwambia kwamba kabla ya kurudisha udongo waliweka jembe la mama yake kifuani pake.

"Jembe?"

"Ndiyo, jembe lake."

Akanitazama.

"Ile ya jembe, ni miye nilikuambia? Ao ni ya kwenu ya sinema?"

Nilitafuta kichwani. Nililiona daftari, niliuona mwandiko wangu. Niliona pia zile karatasi za mara ya kwanza, nilipojaribu kumpamba Nabintu palepale bondeni kabla sijampandisha mlima. Katika zote mbili kulikuwa na mvua. Jembe sikujua nililitoa wapi. Naye alikuwa anangoja, kama alivyongoja siku ile nilipozungusha ufunguo.

"Ni wewe uliniambia, Mama," nikasema.

"Vizuri," akasema. "Jembe lake."

Akarudi kwenye maharage yake. Midomo yake ilikuwa inatembea polepole, anajifunza. Mpaka leo sijui.